Kama unafundisha, nunua ubao mpana

Nafundisha windsurfing, yaani kusimama juu ya ubao wenye tanga na kusukumwa na upepo. Mwaka juzi nilinunua ubao wa tanga wa mtumba: ujazo wa lita 115, mwekundu, umechongoka kama nguru. Muuzaji aliniapia kwamba unamfaa kila mtu. Siku ya kwanza nikampandisha binti mmoja wa kilo 60 hivi, pale Msasani, Dar. Akaweka goti, akaweka mguu, ubao ukalala upande. Chubwi! Mara kumi na moja. Alipoibuka ya kumi na mbili akasema, "Kaka, maji ya chumvi niliyokunywa leo yanatosha." Sijamwona tena.

Kosa lilikuwa langu. Anayeanza anahitaji lita zinazozidi kilo zake kwa mia moja hivi, kwa hiyo yule alitaka walau 160. Na kwa kuwa kesho yake anaweza kuja mbaba wa kilo 90, siku hizi nasema mwalimu asishuke chini ya lita 200. Upana nao uwe sentimita 85 kwenda juu, hata ukikaribia mita nzima sawa tu. Mvuvi wa ngalawa hana haja ya kuelezwa hili: ng'oa matengo, zile mbao za ubavuni zinazokizuia kupinduka, uone kama chombo kitakaa. Ubao hauna matengo, upana ndio matengo yake.

Ila kinachonikera zaidi ni watu kununua ubao usio na mkuku wa katikati, ule unaoshushwa na kupandishwa kwa mguu. Mwanafunzi hajui kupiga bisha, yaani kupanda upepo kwa kukata huku na huku. Ameshika tanga tu, na upepo unamsukuma ubavu ubavu kama kifuu. Kaskazi ya Januari haina neno sana, kwenye fukwe nyingi za Dar humrudisha nchi kavu. Kusi ya Julai ikimkuta Msasani inamtoa nje, upande wa kisiwa cha Bongoyo, na boti ya kumfuata unakodi wewe. Mkuku ukiwa chini, ubao unapata cha kushikia majini. Lakini sharti uweze kurudi ndani: siku za bamvua maji yakipwa huku kwetu yanakwenda mbali kweli, miamba inabaki inchi chache tu chini yako. Mkuku usiorudi utavunjika, au utapasua ubao.

Halafu uwe na sponji juu. Anayeanza muda wote yuko magotini, na ule wangu ulikuwa mkavu kama msasa. Magoti ya wanafunzi yalitoka yamefanana nao rangi.

Tanga lisikuchukulie muda: mita za mraba 4 au pungufu kwa mtu mzima, mtoto 2. Kubwa likishalala majini halinyanyuki.

Kuna wanaonisifia mbao za kujaza upepo zenye tundu la mlingoti. Unaikunja, unaingia nayo kwenye bajaji, na hilo kwa Dar si dogo. Nimeijaribu. Asubuhi bahari ikiwa shwari inafaa sana, ila niliyopewa haikuwa na mkuku, na saa sita upepo ulipoamka nilitumia somo lote kuogelea nyuma ya mwanafunzi.

Ule mwekundu bado ninao. Naupanda mwenyewe jioni, wanafunzi wakishaondoka.