Mtoeni Nje Huyu

Sisi tunaosomea ukalimani wa lugha ya alama chuo kikuu tunafundishwa mapema kwamba mkalimani akiwa kazini hana "mimi" yake. Mteja kiziwi akieleza kwa mikono kuwa anaumwa jino, husemi "anasema anaumwa jino". Unasema "naumwa jino", hata kama meno yako yote ni mazima. Ukiwa na la kwako unajitaja kwa cheo: "Mkalimani anaomba urudie." Darasani mambo haya ni matamu sana. Mwenzetu mmoja mwenye ndevu za kutosha alimtilia sauti mhadhiri wetu kiziwi, aliyekuwa akiigiza mama mjamzito yuko kliniki, akatamka kwa besi, "Mtoto ananipiga mateke tangu alfajiri!" Fundi umeme aliyekuwa juu ya ngazi dirishani akateremka kuja kutazama.

Shida yangu mimi ilikuwa nyusi. Lugha ya alama haiishii mikononi, uso nao una sarufi yake. Katika lugha nyingi za alama, swali la ndiyo au hapana hupandisha nyusi, na swali la nani, wapi au kwa nini huzishusha. Zangu zilijua kupanda tu. William Stokoe, alipoonyesha mwaka 1960 kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo wa lugha kamili, alizichambua kwa vitu vitatu: umbo la mkono, mahali na mwendo. Ningefurahi tungeishia hapo. Badala yake nilipewa mazoezi ya kioo, na wenzangu bwenini wakaanza kuulizana nani kaniudhi.

Ikafika zamu yangu ya mafunzo kwa vitendo. Nilikwenda na msimamizi, mama mpole mwenye daftari, kumkalimania mzee mmoja kiziwi aliyekuwa akifuatilia faili lake kwenye ofisi fulani. (Kanuni ya usiri ipo na naiheshimu. Mzee mwenyewe kaniruhusu nisimulie, na yeye huisimulia kwa mbwembwe kunishinda.) Wakalimani hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono. Tukakubaliana nianze mimi. Dakika 20 hatukuziona.

Karani alikuwa bwana wa makamo ambaye, nadhani, hakuwahi kuona mkalimani. Macho yake yote yalikuwa kwangu.

"Mwambie arudi wiki ijayo."

Nikapeleka mikononi. Mzee akajibu, nami nikatia sauti: "Wiki iliyopita uliniambia hivyo hivyo. Umeajiriwa kuhesabu wiki?"

Karani akaweka kalamu chini. "We kijana, unajua unaongea na nani?"

Nikapeleka. Mzee kusikia anaitwa kijana, akafurahi kidogo, akajibu, na kinywa changu kikasema, "Naongea na wewe. Unitazame basi."

"Hebu niheshimu! Mimi naweza kukuzaa!"

Hapo nilitamani ardhi ipasuke, lakini mkalimani hachagui la kukalimani. Nikapeleka neno kwa neno. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamkagua karani kuanzia upara hadi vifungo vya shati. Kisha mikono yake ikaenda taratibu, nami, ambaye ndevu zangu bado zinahesabika, nikatangaza mbele ya foleni nzima:

"Nina wajukuu wanaokaribia umri wako."

Foleni ikalipuka. Mama mmoja akakaa chini kabisa, na mtoto wake akamuuliza yule kaka ana miaka mingapi.

"Askari!" karani akafoka, kidole kikinielekea. "Mtoeni nje huyu!"

Sasa, katika lugha ya alama "huyu" huonyeshwa kwa kidole, na "mimi" vilevile, ukijielekezea kifuani. Huyu aliyetajwa alikuwa mimi, kwa hiyo nikajielekezea kifuani. Tatizo ni kwamba wakati huo mikono yangu ilikuwa ya karani. Alichokiona mzee ni karani akiita askari na kumwambia, "Nitoeni nje."

Kwa mara ya kwanza siku ile mzee akatabasamu.

"Wazo zuri sana," nikatia sauti. "Askari, mpeleke, na leo asirudi."

Askari alikuwa ameshafika. Akamtazama karani, akanitazama mimi. "Nimtoe nani?"

Nikapeleka. Nyusi zikapanda zenyewe, na nyuma yangu kalamu ya msimamizi ikakwaruza karatasi. Mzee akamwonyesha karani. Karani akanionyesha mimi. Nami, kwa uaminifu wa kazi, nikanyoosha kidole kwa karani kwa niaba ya mzee.

"Wasimamizi wa mkalimani wanaomba kuzungumza," yule mama akasema hatimaye, ingawa alikuwa peke yake. Akaeleza kwa sauti na kwa mikono kwa pamoja: mwenye faili ni mzee, mwenye maneno ni mzee, kijana ameazima mdomo wake tu. Mzee alipoelewa ni nani hasa aliyetakiwa kutolewa, mabega yalimtikisika mpaka miwani ikaanguka. Karani akaiokota. Halafu akavuta droo ile ile aliyokuwa ameegemea muda wote, akatoa faili, akampa mzee kwa mikono miwili.

Nikadhani yamekwisha. Karani akainama juu ya meza, akaninong'oneza:

"Kwa hiyo wewe wajukuu huna?"

Swali lilikuwa langu, ila mikono ilikuwa imeshalifikisha kwa mzee.

"Ninao sita," nikajibu.