Altezza kama gari ya pili: bei rahisi, ila hela inaliwa wapi?

Hapa Dar wapo watu wengi wa umri wa thelathini na kitu, gari ya kazi wanayo, IST au RAV4 au Noah ya familia, watoto wanafika shule, maisha yanaenda, halafu pembeni kuna milioni kadhaa zimetulia na moyo unataka Altezza, ile Toyota ya spoti ya zamani. Sio ya kwendea kazini, ya Jumamosi tu. Hoja yao ni kwamba Altezza ya namba C au D, yaani iliyosajiliwa hapa miaka ya nyuma, bei yake mara nyingi inakaribiana na IST, saa nyingine iko chini kabisa, sasa kwa hela ileile kwa nini nisichukue gari yenye raha? Upande wa pili wanacheka, wanasema hiyo sio gari, ni mkopo unaomlipa fundi kila mwisho wa mwezi.

Mimi naona wote wanasema kweli, tatizo kila mmoja anaongelea gari yake. Jina Altezza limebeba gari mbili zinazofanana kwa sura na tofauti kabisa kwa matumizi ya mfukoni, na ukichanganya hapo ndio unaanza kulia.

Kwanza tuelewane kwa nini ni rahisi. Hii gari Toyota walianza kuiuza Japan mwaka 1998 wakaacha 2005, nje waliiita Lexus IS200, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa sasa hivi ina miaka ishirini na ushee. Kushuka thamani imeshashuka, aliyeinunua mpya kule Japan ndiye aliyepigwa. Halafu IST bei yake inashikiliwa na watu wa Bolt na Uber pamoja na familia, kila siku kuna anayeitafuta, wakati Altezza hakuna anayeifanyia teksi. Wateja wake ni vijana na hao wa Jumamosi, na vijana wengi hela ya kununua wanayo ila ya kuitunza hawana, wakikaa nayo kidogo wanaiweka sokoni. Ndio maana zipo nyingi zinauzwa na ndio maana nyingi zimechoka.

Wenzetu wa Kenya kwa mfano hawawezi kuagiza tena hata wakitaka, sheria yao haipokei gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo Altezza zote za kule ni zile zilizoingia zamani zinapokezana mikono. Uganda nao tangu 2018 waliweka kikomo cha miaka 15. Sisi mlango uko wazi, ila ushuru wa forodha ni asilimia 25, juu yake VAT asilimia 18, na gari ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu, na TRA, yaani mamlaka ya mapato, wanakadiria kwa kikokotoo chao wenyewe sio kwa risiti yako. Kibaya zaidi Wamarekani wanaruhusiwa kuingiza gari ya Japan ikitimiza miaka 25, na Altezza za mwanzo zimeshatimiza, kwa hiyo huko minadani unagombania na watu wenye dola. Kuagiza nzuri leo hesabu yake haikai kwenye neno rahisi. Kwa hiyo tunaongelea ya mkononi, iliyopo hapahapa nchini, imeshatembezwa na watu wetu kwenye barabara zetu.

Sasa hoja ya kuikubali. Kitu ambacho watu hawakitaji ni kwamba Tanzania gari ya pili ikikaa tu nyumbani haikugharimu sana. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, serikali ikaihamishia kwenye mafuta, maana yake unalipa ukitembea, usipotembea hulipi. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka. Yaani gari mbili getini hazikuli mara mbili, zinakula kwa kadiri unavyoziwasha, na hii ni tofauti kubwa na mtu anayekaa nchi ambako hata gari iliyolala inadaiwa. Bima kubwa hapa haina maana sana kwa sababu inahesabiwa kwa asilimia ya thamani, na thamani ya gari yenyewe ndio hiyo.

Na raha ipo, tusidanganyane. Inasukumwa na tairi za nyuma, uzito umegawanywa vizuri mbele na nyuma, kuna za manyo (gia za mkono) za gia sita, na ndani ya geji ya spidi kuna geji ndogo tatu kama saa ya mkononi ya bei mbaya. Zile taa za nyuma za kioo cheupe dunia nzima iliziiga. Ina milango minne na buti, mtoto anakaa nyuma bila kukunjwa, kitu ambacho kwenye Celica ni kisirani na kwenye MR-S hakipo kabisa. Ila usinunue kwa ajili ya mwendo. Ukitoka Dar kwenda Moro vijiji ni spidi 50, trafiki na tochi zao za kupima spidi wako kwenye miti, kila kosa 30,000, hizo nguvu za farasi za injini yako utazitumia wapi? Raha ya gari ya hivi iko kwenye kona na kwenye gia, spidi 60 tu. Panda nayo Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, kilomita kama 33 za kona mfululizo, hapo utaelewa wanachosema, na hutavunja sheria yoyote. Mvua ikinyesha punguza lakini, tairi za nyuma zinazosukuma zikiwa ngumu za zamani mkia unaondoka mapema sana.

Turudi kwenye zile Altezza mbili. Moja namba yake ya chesisi inaanzia na SXE10, ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, ya manyo wanasema farasi 210 na ni cc 1998 tu, bila turbo. Kupata nguvu yote hiyo kwenye lita mbili Toyota na Yamaha walikamua kila kitu, mgandamizo uko juu, valvu za titaniamu, inataka petroli ile ya daraja la juu ya Japan, inataka oili sahihi kwa wakati. Ni injini tamu mno. Ila tembea Gerezani au Ilala uulizie spea zake uone, wengine watakuletea ya 3S-FE, injini ya Toyota za kawaida, wakuapie inaingia. Fundi wa mtaani anaijua kwa kuisikia.

Nyingine ni GXE10, ndani kuna 1G-FE ya silinda sita, farasi kama 160 hivi. Vijana wanaidharau. Sasa sikiliza, hii 1G-FE ndio injini ya GX 100 na GX 110, zile Mark II ambazo zimejaa nchi hii mpaka Tunduma, kila fundi ameshaifungua, spea zipo dukani zipo mtumba, injini nzima ikifa unapata nyingine na kazi inaisha. Hapo ndipo unafuu wa kweli ulipo. Gari ya spoti ya zamani inakuwa rahisi pale tu ilipoazima viungo kwa gari za watu wa kawaida, ikiwa kila kitu chake ni cha peke yake basi bei ya kununua haina uhusiano wowote na utakachotumia.

Mafuta zote zinakunywa. Mjini kwenye foleni ya Mwenge usitegemee zaidi ya kilomita 8 kwa lita, IST inakupa kumi na kitu bila kujitahidi. Ila kwa gari ya Jumamosi mimi sioni kama hili ni jambo kubwa kama watu wanavyolikuza, tofauti ya lita kadhaa kwa wiki haimfilisi mtu. Kinachofilisi ni chini ya gari. Altezza ina wishibone mbili kila kona, yaani mikono miwili ya chuma inayoshika kila tairi, juu na chini, hiyo ndio inayofanya ishike barabara vizuri, na hiyohiyo ndio inayoipa bushi nyingi na boli joint nyingi kuliko gari yako ya kazi. Boli joint za chini za mbele zinajulikana kabisa kuwa ni udhaifu wake, ikichomoka tairi linalala, na kwa mashimo yetu zinaisha haraka. Ukienda kuiangalia inyanyue kwa jeki, shika tairi juu na chini utikise, ikigonga ujue.

Kingine ni upozaji. Mafundi wetu wana tabia ya kutoa thamostati (kidude kinachodhibiti joto la injini) eti nchi ya joto haihitaji, halafu wanajaza maji ya bomba badala ya kulanti, miaka inaenda, rejeta inajaa kutu, siku feni ikizembea gari inachemsha na gasketi ya silinda hedi inaondoka. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, maji yakiwa rangi ya chai mshushe bei au ondoka. Na sema kabisa kwa muuzaji usiiwashe mpaka nifike, ukifika ukakuta boneti ina joto kuna kitu kinafichwa kwenye kuwaka asubuhi. Kilomita za kwenye dashibodi usizisome hata, kurudisha nyuma ni kazi ndogo.

Za kushushwa na kupigwa makelele ni habari nyingine. Springi zimekatwa kwa grainda, eksozi imetobolewa, waya za muziki zimeungwa na plasta chini ya zulia, halafu dalali anakwambia imefungwa vitu vya hela nyingi. Ndugu yangu hivyo vitu kwako ni hasara, hela ya kuirudisha ilivyokuwa unatoa wewe. Altezza ya mzee mmoja wa ofisini, otomatiki, rangi imepauka, haijaguswa, inaizidi thamani ile inayong'aa mara mia, ingawa sokoni bei ni kinyume chake. Na hilo kwa mnunuzi ni jambo zuri sana.

Wapo wanaotaka kuruka Altezza kabisa waende RX-8 ya Mazda kwa sababu nayo imeshuka bei na sura yake inatisha. Cc 1308 tu, kwenye karatasi ni injini ndogo, inavutia. Ile injini haina pistoni, ina rota mbili zinazozunguka, na imetengenezwa kula oili kidogokidogo kwa makusudi ili kulainisha sili za ncha za rota, asiyejua anasubiri taa, taa inawaka amechelewa. Halafu haitaki kuwashwa ya baridi ikazimwa papo hapo, petroli inajaa ndani na haiwaki tena. Sasa fikiria sehemu ya kuosha magari, kijana anakuja kuisogeza mita mbili ipishe nyingine, anawasha, anasogeza, anazima, anakurudishia funguo. Hapo tayari una shughuli. Kupima kompresheni yake kunataka kipimo maalum, cha kawaida kinakupa jibu la uongo. Sisemi ni gari mbaya, ni ya mtu mwenye fundi wa rota kwenye simu, na hao nchi hii unaweza kuwatafuta sana.

Hoja ya wapingaji ninayoiheshimu zaidi haihusu spea, inahusu nyumba. Kama mama watoto anapanda daladala kutoka Goba na wewe gari ya pili unaleta ya Jumamosi, hapo hakuna uchambuzi wa injini utakaokuokoa, nunua IST ya pili au Passo yaishe. Na hata kama mahitaji hayapo leo, angalia kinachotokea kwa wengi, wanauza ile ya kazi kwa sababu "gari mbili za nini", wanabaki na Altezza peke yake, na kuanzia hapo kila hitilafu inageuka dharura. Fundi anakuona una haraka, spea unanunua ya kwanza uliyoiona, huna muda wa kusubiri inayotoka Japan, unaambiwa "tuunge tu kwanza utembee". Gari ileile, ubovu uleule, gharama mara mbili, kwa sababu kuna mtu anaisubiri Jumatatu asubuhi. Ikiwa ya pili kweli unaweza kuiacha juu ya mawe mwezi mzima ukitafuta boli joint original taratibu kwa bei unayoitaka wewe.

Kuiacha nako kuna adabu yake. Betri inakufa, petroli ya kukaa inaharibika, tairi zinapasuka kwa jua, na panya wanapenda sana waya za gari isiyowashwa, ukikaa Kigamboni au Bunju kwenye nyasi unajua. Iwashe kila wiki na uitembeze mpaka ipate joto kamili, kuiwasha dakika mbili uani ukazima hakusaidii. Ukiwa mtu wa safari za kikazi mikoani miezi mitatu mitatu usinunue kabisa.

Siku ya kuuza utasota, hasa ya manyo. Wateja ni walewale vijana, wanakuja watano kwa bodaboda kuja kuisikiliza tu, wanaomba test, hawanunui. Hiyo ihesabu toka mwanzo kwamba hela umeiweka mahali ambapo haitoki haraka.

Kwa hiyo kwa mwenye gari ya kazi nzima, nyumbani hakuna anayekosa usafiri, na akiwa na milioni kumi anaweza kununua ya saba na tatu akaziacha kwa ajili ya bushi, rejeta, taiming belti na tairi mpya nne za maana ndani ya mwaka wa kwanza, mimi namwambia achukue GXE10 isiyoguswa, ya manyo ikipatikana, ya otomatiki isipopatikana. Ya SXE10 aichukue yule ambaye tayari anajua anachokitaka na ameshamkagua fundi kabla ya kukagua gari. Na kama hela inaisha yote siku ya kusaini mkataba wa mauziano, basi hata GXE10 aiache ipite.