Idd Isiyokwisha Chumbageni

Sikukuu ya Idd ilikuwa imepita na vileja vimekwisha, lakini kwenye simu za wenye maduka wa Chumbageni, Tanga, punguzo la shilingi 5,000 kwa kila mfuko wa sukari wa kilo 50 lilikuwa bado linameremeta pamoja na mwezi mwandamo wake. Kwenye kompyuta za ofisini bei ilikuwa mpya. Aliyebeba mzigo wa tofauti hiyo ni utingo wa lori letu, ambaye kila akitoa ankara alioneshwa simu. Bosi, asiyependa kelele na wateja, akaamua kwamba yeyote atakayeonesha bei ya Idd kwenye skrini yake auziwe kwa bei hiyo mpaka tatizo litatuliwe, kisha akanituma mimi nikalitatue. Yaani nilitumwa kutibu wagonjwa waliokuwa wakiomba wasipone.

Nilianza na mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu nzima, haina neno."

Nilipofungua orodha ya bei kwa Chrome, ilikuwa sahihi. Nilipoifungua ndani ya programu yetu, Idd Mubarak. Programu hiyo haichori orodha yenyewe, bali hufungua ukurasa wa tovuti ndani yake kwa WebView, yaani kivinjari kidogo kilichofichwa ndani ya programu, na WebView ya kila programu ina ghala lake la data lisilochangia chochote na Chrome. Kwa hiyo kufuta historia ya Chrome, kama wateja walivyokuwa wakielekezwa kwa simu, kuliwapotezea historia tu. Humo ndani hakuna hata kitufe cha kupakia ukurasa upya. Nikaiweka simu katika hali ya ndegeni, nikafungua tena. Ukurasa ukaja upesi kuliko mwanzo.

"Kumbe hata bando haili!" mama akasema, akamwita jirani aje aone.

Nikaingia kwenye mipangilio nikafuta kache ya programu, yaani nakala zake za muda, na Idd haikutikisika. Hapo nikajua kwamba nakala haikukaa kwenye kache ya kawaida, bali kwenye data za programu, ambazo kitufe kile hakizigusi. Nikamweleza kwamba tukifuta data zote itambidi aingie upya kwa namba ya siri itakayotumwa kwenye laini iliyosajiliwa. Laini hiyo ilikuwa ya mwanawe aliyeko Muscat. "Saa hizi yuko kazini, usimsumbue," akasema, na simu ikarudi kwenye pindo la kanga.

Kwa kubembeleza sana niliipata tena, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya na kufungua chrome://inspect, ukurasa wa Chrome wa kuchungulia kinachoendelea ndani ya WebView ya simu. Mkosaji akaonekana: sevisi woka, yaani skripti inayokaa kati ya ukurasa na mtandao, iliyowekwa na fundi aliyenitangulia wiki ya kuelekea Idd, kabla hajahamia kazi nyingine. Alitaka bei zifunguke hata pasipo mtandao, jambo la busara kabisa, ila aliiagiza skripti ijibu kutoka ghalani kwanza na, ikishapata jibu, isiulize seva kamwe. Kivinjari huilinganisha skripti hiyo na ile ya kwenye seva, baiti kwa baiti, kikitafuta badiliko, na kwa kuwa hakuna aliyeigusa tangu aondoke, kila siku jibu lilikuwa kwamba hakuna jipya.

Jioni ile nikapandisha skripti mpya, inayouliza mtandao kwanza, inayofuta ghala la zamani, na isiyosubiri kurasa zifungwe ndipo ianze kazi, maana wenye maduka hawa hawafungi kitu. Simu ikifunguliwa mtandao ukiwepo, mara ya kwanza itaonesha Idd kwa mazoea, mara ya pili itaonesha bei halisi. Mama alinisikiliza kwa makini kuliko wahitimu wengi niliowahi kufanya nao kazi.

"Na ikifunguliwa bila mtandao?"

Mtu mzima akiuliza hujibiwa. "Bila mtandao, mama, itabaki hivyo hivyo."

Kesho yake utingo akanipigia. "Fundi, huku Chumbageni kuna nini? Nimezunguka maduka yote, kila simu ina kindege juu ya skrini, na hakuna anayepatikana hewani. Wananionesha Idd tu, halafu wanazificha. Huyu mama ananiambia nikimtaka nimpigie mwanawe Muscat."