Muwa, ugali na taya la mtoto

Weka vidole viwili mbele kidogo ya sikio, kisha tafuna kipande cha mhogo mbichi. Kiungo cha taya kinateleza chini ya vidole, msuli wa shavu unatuna, na kidevu hakipandi na kushuka tu: kinakwenda upande, kinasaga, kinarudi. Jaribu tena kwa tonge la ugali. Taya linacheza mara chache, tonge limeshashuka. Chakula kigumu hudai kutafuna mara nyingi zaidi, kwa nguvu zaidi, na kwa mwendo mpana zaidi wa kwenda pembeni.

Hapo ndipo linapozaliwa dai kwamba watoto wa siku hizi wana meno yaliyobanana kwa sababu tumewalea kwa uji, mkate na chipsi, ilhali babu zao walimenya muwa kwa meno. Si dai la ovyo. Mwaka 2004 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha jaribio la pimbi: waliolishwa chakula kilichopikwa, sehemu za chini na za nyuma za uso wao zilikua pungufu kwa takriban 10% kuliko waliokula kibichi na kikavu.

Ila pimbi si mtoto. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha mafuvu ya jamii za wawindaji na za wakulima, waliokula chakula laini zaidi. Tofauti waliiona, lakini ndogo. Tena meno hubanana kwa kurithi, kwa kunyonya kidole, na kwa magego ya utotoni kung'olewa mapema.

Na hili neno “kigumu” linatuchanganya. Karanga ni ngumu, lakini ikishapasuka imekwisha. Muwa una nyuzi. Unausaga mpaka ubaki makapi. Hata Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye fuvu lake aliliona mtafiti Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, alibatizwa mpasua-karanga kwa ukubwa wa magego yake. Baadaye mikwaruzo ya meno haikuonyesha mlaji wa vitu vigumu hivyo, na kemikali za meno zikaelekeza kwenye nyasi na jamii zake.

Kwangu mimi, nyuzi nazikubali, ahadi ya kukwepa waya za meno siikubali. Karanga nzima kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni hatari ya kupaliwa, taya likue lisikue. Wangu wa miaka 7 namkatia pingili ya muwa, kisha anasukutua, maana sukari ni sukari. Mdogo wake anapewa embe, analia.