Kikohozi cha Nusu Saa

Jamani, pole zenu sizitaki. Ninachotaka ni kumjua aliyepitisha kwamba mtu mzima, mwenye heshima na madeni yake, hana ruhusa ya kukohoa.

Jana nilikuwa ukumbini, kijana anapiga piano peke yake. Anajua, haki yake nampa: vibonyezo 88, jioni nzima, bila karatasi mbele yake, na mimi neno la siri nalisahau kila Jumatatu. Kiti kikanibana magoti, nikanyamaza. Wa mbele yangu ana kichogo cha kuzibia dirisha, nikanyamaza.

Akaanza na kipande cha Beethoven, ile Pathétique, chenye sehemu 3. Katikati hapapigwi makofi, hilo nalijua siku hizi (msiniulize nilijuaje). Ila sehemu moja ikiisha tu, ukumbi mzima unakohoa kama zizi la mbuzi. Changu kikachelewa, kikaja wenzake wameshamaliza. Nikakibembeleza: tulia bwana, zamu ijayo ni yako.

Akafuatia Liszt, mtunzi na mpiga piano wa zamani, sonata yake (kipande kirefu cha piano) ya B mainori. Nasubiri sehemu ya kwanza iishe. Haiishi. Dakika ya 10 machozi yananitiririka, mama wa kando akanipa leso yake ya mkononi, akidhani muziki umenigusa. Nachungulia ratiba, herufi kama chawa: sehemu ni moja tu. Nusu saa bila kituo! Na ni Liszt huyuhuyu aliyeanzisha, mwaka 1839, mtindo wa mpiga piano kulimiliki jukwaa peke yake. Ingekuwapo okestra ningejikoholea nyuma ya tarumbeta, nani angejua?

Kuelekea mwisho kijana akaachia ngurumo, mikono inakimbizana, piano inatetemeka. Nikasema ndiyo hii. Nikavuta pumzi, nikapanua mdomo, naye akanyanyua mikono.

Kimya. Liszt kaandika kimya palepale!

Kikatoka kikohozi cha nusu saa, na mkia wake. Kichogo kikageuka, kumbe kina uso, na uso wenyewe hauna huruma. Kijana wa watu akangoja nimalize, akaendelea taratibu kama anayebembeleza mtoto, akafunga kwa noti moja nzito, fupi, chini kabisa.

Mama akanyoosha mkono anadai leso yake. Leso yenyewe sasa, jamani! Unamrudishia hivyohivyo, au unaenda kuifua kwanza? Ukiifua, utampata wapi? Mwenzenu ninayo mfukoni mpaka sasa, ina herufi zimedariziwa pembeni, na nyumbani nimeshaulizwa ni za nani.