Alama ya Mshangao Niliyoisahau

Matangazo ya kubashiri mpira ndiyo yaliyonichokoza. Zuhura wangu, darasa la tatu, anafanya hesabu kwenye simu. Kila baada ya maswali mawili, tangazo hili hapa. Nikasema hapana, nyumba hii ina baba.

Nikachomeka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, kando ya ruta, nikaiwekea Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo ya nyumba nzima. Kifaa kikiulizia anwani ya seva ya matangazo, inakijibu 0.0.0.0, yaani nenda ukapotee. Nyumba ikatulia, isipokuwa runinga. Ile ina kiburi: inauliza anwani za majina ya tovuti moja kwa moja kwa 8.8.8.8, seva ya Google, na kutupita sisi kama hatupo.

Nikaingia kwenye ukuta wa moto wa ruta, nikaandika mstari mmoja wa iptables, programu ya kanuni za ukuta huo: yeyote humu ndani anayetoka kupitia poti 53, mlango wa maswali ya majina, arudishwe kwa Pi-hole. Yeyote! Nikahifadhi saa 2 kasoro dakika 5 usiku, mama mkwe keshakaa mkao wa tamthilia.

"Baba Zuhura, mbona kiduara kinazunguka tu?"

"Dakika moja, mama."

Nikazima ruta, nikawasha. Wapi. Kanuni nilishaihifadhi mwenyewe, inarudi nayo. Nikafungua daftari la Pi-hole: jina lilelile, mamia ya mistari. Kumbe Pi-hole nayo, isipojua jibu, hutoka kuuliza nje kwa poti hiyohiyo 53. Ruta inaidaka mlangoni, inairudisha kwa Pi-hole. Inajiuliza yenyewe, inajisubiri yenyewe.

Na dawa yake iko mtandaoni, ambao nimeshauua. Nikaomba bando kwa mke wangu. Akanipa simu bila neno, na ukimya ule ulinigharimu kuliko bando lenyewe.

Dawa yenyewe ni alama ya mshangao: `! -s 192.168.1.2`, hiyo namba ikiwa anwani ya Pi-hole. Maana yake, wote isipokuwa huyu. Nikaipachika. Runinga ikaguna, mama mkwe naye akaguna, wakaendelea.

Hodi mlangoni. Jirani wa chumba cha nyuma, simu mkononi.

"Samahani jirani, leo waifai yetu ilikuwa na nini?"

"Yetu?"

Nikageuka. Zuhura alikuwa ameshaingia nyuma ya khanga ya bibi yake, miguu tu ndiyo inaonekana.