Natsume Masako: jina lake limejengwa na kazi au na kifo?

Tangazo la vipodozi vya kampuni ya Kanebo ndilo lililomtambulisha mwigizaji Natsume Masako kwa Wajapani mwaka 1977. Tarehe 11 Septemba 1985 saratani ya damu ikamchukua, akiwa na miaka 27. Ni miaka minane tu hapo katikati, na bado anatajwa. Wapo wanaosema umauti ndio uliomkuza: marehemu hasemwi vibaya, na afaye kijana sura yake haizeeki.

Hoja hiyo ina uzito. Filamu alizozibeba ni chache, na ugonjwa ulimkuta ndiyo kwanza anaaminiwa nafasi nzito. Nje ya Japani ushahidi ni mwembamba zaidi. Huko wengi wanamjua kwa Saiyuki, tamthilia ya televisheni ya 1978 hadi 1980, alipocheza Sanzo, mtawa anayesafiri kwenda India kuchukua maandiko ya Kibudha. BBC iliingiza sauti za Kiingereza, kwa hiyo anayezungumza humo si yeye. Ukimpima kwa toleo hilo, unapima nusu ya kazi.

Hata nusu hiyo ina nguvu. Sanzo ni mwanamume, na Natsume alimbeba kwa utulivu wa uso na mkao, bila kujilazimisha ubabe. Baadaye Miyazawa Rie (1993) na Fukatsu Eri (2006) walipewa nafasi hiyohiyo, hadi Mjapani haoni ajabu Sanzo kuchezwa na mwanamke. Njia hiyo ilipasuliwa miaka kadhaa kabla hajaugua, kifo hakihusiki.

Ushahidi mzito zaidi ni filamu ya mwongozaji Gosha Hideo ya 1982, Kiryuin Hanako no Shogai. Natsume ni Matsue, binti wa kulea wa bwana mmoja wa genge huko Kochi. Mume amekufa, naye anakwenda kwa wakwe kudai mifupa ya mumewe iliyobaki baada ya maiti kuchomwa, wanamkatalia. Huyu aliyekuwa mpole saa nzima anawageukia na kufoka kwa lahaja ya Tosa, jina la kale la Kochi: "Nametara ikan zeyo!" Yaani, msithubutu kunidharau. Maneno hayo yakawa msemo wa mitaani mwaka uleule, akiwa hai. Itazame kwa Kijapani chenye maandishi chini, tena tangu mwanzo. Ukikimbilia kipande hicho peke yake utaona ukali tu, usione upole uliotangulia ambao ndio unaoupa ukali ule nguvu.

Kwa hiyo upande wa kazi unashinda, kwa maoni yetu, japo si kwa kila kitu. Kuna urithi mmoja ambao kweli umetokana na ugonjwa wake: mfuko wa Himawari wenye jina lake, ulioanzishwa 1993, ambao huwaazima nywele za bandia bila malipo wagonjwa walionyonyoka nywele kwa matibabu ya saratani.